Umri wa gari hukaguliwa, kiu yake haina wa kuipima

MTU anayenunua gari lililotumika jijini Nairobi au Mombasa huuliza maswali yale yale: ni la mwaka gani, limetembea kilomita ngapi, injini ni ya ujazo gani na bei ya mwisho ni ipi. Akikumbuka kuuliza iwapo gari hilo linakunywa mafuta, muuzaji humhakikishia kwamba halinywi, na mazungumzo huishia hapo.

Hakuna karatasi ya kulithibitisha jibu hilo. Kenya ina kanuni kuhusu umri wa magari yanayoingizwa nchini, upande wa usukani, mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Lakini kiasi cha mafuta ambacho gari huteketeza kwa kila kilomita kimeachiwa uvumi wa gereji na vijiwe vya madereva.

Ilhali kiasi hicho ndicho huamua mambo mawili kwa mpigo: fedha zitakazotoka mfukoni mwa mwenye gari kwa muda wote atakaolimiliki, na uzito wa gesi itakayotoka kwenye bomba la moshi.

Uhusiano wa mambo hayo mawili haukwepeki. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban gramu 740, lakini ikishateketezwa hutoa karibu kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi, gesi ambayo ni kiini cha ongezeko la joto duniani. Wengi husikia hesabu hiyo na kudhani kuna kosa, kwani kitu kitatoaje uzito mara tatu ya uzito wake? Jibu limo hewani. Kila chembe ya kaboni iliyomo katika mafuta hushikana na chembe mbili za oksijeni kutoka kwa hewa inayovutwa na injini, na oksijeni hiyo ndiyo inayoongeza uzito. Lita ya dizeli, ambayo ina kaboni nyingi zaidi, hutoa takriban kilo 2.7.

Fauka ya hayo, hakuna chujio la kuinasa gesi hiyo. Kifaa cha kusafisha moshi ambacho hufungwa katika bomba la magari ya kisasa hupunguza sumu nyingine zinazodhuru mapafu, ila kaboni dayoksaidi hupita bila kuguswa. Kwa gari linalotumia petroli au dizeli njia ni moja tu, nayo ni kuteketeza mafuta machache zaidi kwa safari ile ile.

Tuseme gari la familia husafiri kilomita 20,000 kwa mwaka. Likienda kilomita 10 kwa lita, litateketeza lita 2,000 na kutoa tani 4.6 za gesi hiyo. Lingine linaloenda kilomita 15 kwa lita litatumia lita 1,333 na kutoa tani 3.1. Ikiwa lita ni Sh180, tofauti ni Sh120,000 kila mwaka, na magari hayo mawili huenda yameegeshwa ubavu kwa ubavu katika yadi moja, ya mwaka mmoja na bei moja.

Wakenya wanaijua vyema thamani ya lita. Tangu Desemba 2010, wakati serikali ilipoanza kudhibiti bei za rejareja, tangazo la katikati ya mwezi limekuwa likisubiriwa kama matokeo ya mtihani. Mnamo Septemba 2023 petroli ilivuka Sh200 kwa lita jijini Nairobi kwa mara ya kwanza, na mwezi uliofuata ikafika Sh217.36. Malalamiko yalielekezwa kwa bei na kodi. Ni wachache waliouliza kwa nini gari la jirani linafika Nakuru kwa mafuta ambayo lao linamaliza Naivasha.

Sheria yenyewe humsukuma mnunuzi upande mwingine. Kanuni ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, inayojulikana kama KS 1515, hupiga marufuku magari yaliyopitisha miaka minane tangu yasajiliwe kwa mara ya kwanza. Mathalani, mwaka wa 2024 gari lililosajiliwa kabla ya 2017 halikuruhusiwa kuingia. Kanuni hiyo ina manufaa, kwani nchi jirani ambazo hazikuweka kikomo kikali zimejikuta zikipokea magari yaliyokwisha kuchakaa. Lakini umri si kiu. Gari kubwa la miaka mitatu laweza kunywa maradufu ya gari dogo la miaka saba.

Kodi nayo ina kasoro zake. Mamlaka ya Ushuru, KRA, hukokotoa kodi ya gari lililotumika kutokana na bei ya gari la aina hiyo likiwa jipya, kisha hupunguza thamani kadiri umri unavyoongezeka. Matokeo ni kwamba gari la miaka saba hulipiwa kodi ndogo kuliko la miaka mitatu, na ndiyo sababu meli zinazotia nanga Mombasa hujaa magari yanayokaribia ukingo wa miaka minane.

Mnamo 2019 bunge lilipandisha ushuru wa bidhaa kwa magari yenye injini kubwa na kuupunguza kwa magari ya umeme. Hiyo ilikuwa hatua ya kuelekea panapostahili, ila ujazo wa injini nao ni kipimo cha kubahatisha. Toyota Prius ya kizazi cha tatu ina injini ya lita 1.8, huku Probox, gari linalosifika kwa kubeba miraa na abiria wa mashambani, likipatikana kwa injini ya lita 1.5. Anayetazama ujazo pekee ataamua kwamba Prius ndiyo mlafi. Kumbe katika vipimo vya Japani gari hilo lilipita kilomita 30 kwa lita, kiwango ambacho Probox ya petroli haikaribii hata kwa mbali.

Siri ya Prius, iliyozinduliwa Japani mwishoni mwa 1997, inaeleza pia mahali ambapo mafuta hupotelea. Katika injini ya kawaida ya petroli, sehemu kubwa ya nguvu iliyomo katika mafuta, zaidi ya thuluthi mbili, hugeuka kuwa joto linalotoka kwa rejeta na bomba la moshi. Kinachofika kwenye magurudumu ni masalio. Na hata masalio hayo hupotezwa kila dereva anapokanyaga breki, kwa kuwa mwendo uliogharimiwa kwa mafuta hugeuzwa joto la breki na kupeperuka.

Gari la haibridi lina mota ya umeme na betri inayosaidiana na injini. Likisimama katika msongamano, injini huzimika. Likipunguza mwendo, mota hugeuka jenereta na kurejesha sehemu ya nguvu ile katika betri. Hii ndiyo maana magari ya aina hiyo huonyesha ubora wake zaidi katika Barabara ya Jogoo saa kumi na moja jioni kuliko katika barabara kuu iliyo wazi. Dosari yake ni betri inayozeeka, na mnunuzi wa gari la miaka saba ana haki ya kutaka ipimwe kabla ya kulipa.

Jambo linalosahaulika katika mjadala huu ni kwamba kiu ya magari ya Kenya huamuliwa Tokyo. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayosajiliwa nchini hutoka Japani yakiwa yametumika, na Japani huwabana watengenezaji wake kupitia mpango ulioanza mwishoni mwa miaka ya tisini, ambapo gari lililo bora zaidi katika kundi lake hufanywa msingi wa kiwango ambacho wote wanatakiwa kukifikia katika miaka ijayo. Huko, takwimu za kilomita kwa lita za kila aina ya gari huchapishwa na wizara husika, na magari mengi hubandikwa kibandiko cha kuonyesha kiwango yalichofikia.

Kwa hivyo takwimu zipo. Hupotea njiani tu, mahali fulani kati ya bandari ya Yokohama na Kilindini. Gari linalokuja Kenya hukaguliwa Japani kabla ya kupakiwa melini na kupewa cheti cha kuthibitisha kwamba linafaa barabarani. Kuandika katika cheti hicho mstari mmoja zaidi, wa kilomita kwa lita kulingana na aina ya gari na injini yake, si kazi ya kuhitaji maabara mpya.

New Zealand imelifanya hilo. Nchi hiyo, kama Kenya, huendesha magari upande wa kushoto na hununua kwa wingi magari yaliyotumika Japani. Tangu Aprili 2008, wauzaji wa magari huko wamelazimika kuonyesha kibandiko cha matumizi ya mafuta, chenye nyota na makadirio ya gharama ya mwaka, hata kwa magari yaliyotumika yanayotoka ng’ambo. Kati ya 2021 na mwisho wa 2023 serikali ilikwenda mbali zaidi kwa kuwapa ruzuku walionunua magari yanayotoa gesi kidogo. Ruzuku hiyo ilifutwa baada ya serikali kubadilika, lakini vibandiko vilibaki.

Barani Afrika, Afrika Kusini ilianza Septemba 2010 kutoza magari mapya kodi inayotegemea gramu za kaboni dayoksaidi kwa kila kilomita, badala ya ujazo wa injini. Nairobi yenyewe ni makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, mojawapo ya mashirika yaliyoanzisha mwaka wa 2009 mpango wa kimataifa wa kupunguza kwa nusu matumizi ya mafuta ya magari mapya ifikapo 2030. Ni kinaya kwamba anayetoka katika lango la shirika hilo kule Gigiri akavuka hadi yadi ya karibu ya magari hatapata kibandiko hata kimoja.

Takwimu za Japani zinafaa kusomwa kwa tahadhari. Gari hupimwa katika maabara, likiwa halina mzigo wala matuta, na barabarani litakunywa zaidi ya ilivyoandikwa. Hata hivyo, mnunuzi anayelinganisha magari mawili hahitaji usahihi wa tarakimu ya mwisho. Anachohitaji ni kujua lipi litamtoa jasho.

Kuna mtego mwingine, nao umo katika hesabu ya kilomita kwa lita yenyewe. Mwenye gari linaloenda kilomita 15 kwa lita akipata la kilomita 20, ataonekana kupiga hatua kubwa. Mwenye gari la kilomita tano kwa lita akifika saba, wengi watamcheka. Lakini kwa kila kilomita 10,000, wa kwanza ataokoa lita 167 pekee, ilhali wa pili ataokoa lita 571. Faida kubwa haiko kwa magari ambayo tayari yana nafuu. Iko kwa yale yenye kiu kupindukia.

Hapo ndipo malori yanapoingia. Lori lililosheheni linaloenda kilomita mbili kwa lita kutoka Mombasa hadi Malaba, umbali wa takriban kilomita 930, huteketeza lita 465 kwa safari ya kwenda tu. Likifikishwa kilomita mbili na nusu kwa lita, litatumia lita 372. Lita 93 zilizookolewa ni sawa na robo tani ya kaboni dayoksaidi, na hiyo ni safari moja ya lori moja katika barabara ambayo haipumziki usiku wala mchana.

Nusu kilomita hiyo hupatikana vipi? Kwanza ni mwendo. Ukinzani wa hewa hauongezeki sambamba na kasi, bali kwa kipeo chake cha pili. Dereva anayetoka kilomita 80 kwa saa hadi 100 huongeza nguvu ya hewa inayomkinza kwa zaidi ya nusu. Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilikusudia kuokoa maisha zilipowalazimisha wenye matatu na magari ya mizigo kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Ziliwaokolea pia mafuta, ingawa si wengi waliozishukuru, na si haba waliotafuta fundi wa kuvichezea vidhibiti hivyo.

Pili ni magurudumu yasiyo na upepo wa kutosha, ambayo hukaa kama mtu anayekimbia mchangani. Kwa gari dogo hasara yake ni asilimia chache tu, lakini lori la magurudumu 18 au zaidi likikosa upepo katika sita, mwenye kampuni analipia uzembe huo kila kilomita. Tatu ni safari za kurudi tupu. Lori linalorudi Mombasa bila mzigo huchoma mafuta bila kumhudumia yeyote, na hakuna injini, iwe bora namna gani, inayoweza kurekebisha hilo. Ni suala la mawakala, forodha na mikataba.

Nne ni mkono wa dereva, na hapa pana itikadi moja ambayo imegharimu damu. Katika miteremko ya Sachangwan na Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, mazoea ya madereva wa malori kutoa gia na kuliacha gari liteleze lenyewe yamelaumiwa kwa ajali nyingi. Nia yao ni kuokoa dizeli, aghalabu ili lita zilizobaki ziuzwe kandokando ya barabara.

Kwa injini za kisasa, itikadi hiyo haina hata faida inayodhaniwa. Gari likiteremka likiwa ndani ya gia, na mguu ukiwa umeondolewa kwa kanyagio la mafuta, kompyuta ya injini hufunga mafuta kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Gia ikitolewa, injini hulazimika kupewa mafuta ili isizimike. Dereva basi huteketeza zaidi, na papo hapo hupoteza uwezo wa injini kumsaidia kupunguza mwendo. Mzigo wote huangukia breki, ambazo zikishapata moto kupita kiasi hazishiki tena.

Kampuni nyingi humpa dereva kiasi maalumu cha dizeli kwa safari na kumshuku akiomba zaidi. Ni chache zinazomzawadia anayerudi na lita zilizosalia. Maadamu lita anayoiokoa ni ya tajiri na lita anayoiuza ni yake, mafunzo ya udereva hayatafua dafu.

Ubora wa mafuta una nafasi yake pia. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa katika mataifa yaliyo kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilipunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, hatua iliyofungua mlango kwa injini zenye mitambo ya kisasa zaidi. Injini hizo lakini ni za madaha. Dizeli iliyochanganywa na mafuta taa huharibu nozeli na pampu, na kwa sababu ya uchakachuaji huo serikali iliweka ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mnamo Septemba 2018. Aliyeumia zaidi ni mama anayepikia stovu.

Matatu zina hesabu ya namna yake. Gari la abiria 14 la dizeli linaloenda kilomita nane kwa lita hutoa takriban gramu 340 za kaboni dayoksaidi kwa kilomita, lakini likijaa, kila abiria ana mgao wa gramu 24 tu. Mtu aliye peke yake katika gari dogo la kilomita 15 kwa lita hutoa gramu 150 na ushei. Anayejivunia haibridi yake mpya huku akipita vituo vilivyojaa abiria bado hajamfikia kondakta anayening’inia mlangoni. Wataalamu huonya vilevile kwamba gari lisilokunywa mafuta humshawishi mwenyewe kuliendesha zaidi, na sehemu ya akiba huliwa na safari ambazo hapo awali angezifanya kwa miguu.

Yamkini kuna atakayeuliza kwa nini kuhangaika na petroli ilhali magari ya umeme yameshawasili. Ni kweli kwamba mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria Nairobi tangu 2022, na kwamba Kenya ina bahati ambayo nchi nyingi hazina: sehemu kubwa mno ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya maji na upepo wa Turkana na Ngong. Basi la umeme hapa ni safi kuliko basi kama hilo katika nchi inayochoma makaa ya mawe. Serikali pia iliahidi mwaka wa 2020 kupunguza gesi chafu kwa asilimia 32 kufikia 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila kuchukua hatua.

Lakini gari lililosajiliwa nchini likiwa na miaka saba halistaafu upesi. Litauzwa Nairobi, liuzwe tena Nyeri au Kisii, lipelekwe gereji ya jua kali libadilishwe injini, na huenda likawa bado linabeba ndizi sokoni miaka 20 baadaye. Mnunuzi wake wa tatu au wa nne, aliye na kipato kidogo kuliko wote waliomtangulia, ndiye atakayeilipia kiu ambayo hakuna aliyempimia wa kwanza.

Kibandiko kingemfaa huyo zaidi ya mtu yeyote, kwa kuwa mwenye yadi huweza kuficha mengi lakini si jambo lililoandikwa katika rekodi za gari tangu siku liliposhuka melini. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, tayari huhifadhi rekodi za kila gari na huziuza kwa anayetaka kumjua mmiliki kabla ya kununua. Rekodi hizo zikiongezwa tarakimu ya kilomita kwa lita, muuzaji hatakuwa na haja tena ya kuapa kwamba gari lake halinywi.